Kwanini injini za tanki za Uingereza hazifanani? Shida ilikuwa ni wapi pa kuweka maji

Msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza hivi: "Fundi, kijana wangu anapenda sana video za treni za mvuke za Uingereza, basi na mimi nimejikuta nazifatilia. Naona injini zingine hazina lile behewa dogo la maji na makaa nyuma, zimebeba kila kitu mwilini. Lakini tanki sasa, nyingine limelala juu ya boila, nyingine liko ubavuni mpaka chini, nyingine linaning'inia tu halijafika chini. Kwanini hawakuchagua muundo mmoja mzuri wakabaki nao? Halafu za mwisho mwisho mbona zimekuwa kubwa karibu sawa na zile za safari ndefu?"

Ndugu yangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Watu wengi wakiangalia hizi injini wanaangalia rangi na moshi, wewe umeangalia tanki, na tanki ndo penyewe. Hakuna muundo mmoja ulioshinda kwa sababu kila mahali unapoweka maji kwenye injini unatatua shida moja unazaa nyingine, na wahandisi wa Uingereza walihangaika na jambo hilo zaidi ya miaka 120. Ngoja twende taratibu.

Kwanza elewa uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na injini ya mvuke inakunywa maji vibaya mno, kila kilo ya makaa inayoungua inageuza kilo 6 mpaka 8 hivi za maji kuwa mvuke, na mvuke ukishasukuma pistoni unatokea kwenye bomba la moshi unapotelea hewani, haurudi. Injini ya safari ndefu inabeba maji hayo kwenye tenda, lile behewa dogo la nyuma ulilolisema. Sasa tenda ni mzigo tu, haiongezi mshiko wa magurudumu yanayovuta, na injini yenye tenda ikirudi kinyumenyume dereva haoni vizuri, vumbi la makaa linamjaa machoni, mwendo unabidi upunguzwe. Kwahiyo kila mwisho wa njia unahitaji meza ya kugeuzia injini. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa imejaa vijinjia vya maili chache chache, machimbo, bandari, viwanda, na treni za wafanyakazi za asubuhi na jioni, huko kote nani ana muda na nafasi ya kugeuza injini?

Ndo ukatoka uamuzi wa kubeba maji na makaa kwenye injini yenyewe. Inakimbia mbele na nyuma sawasawa, ni fupi, na uzito wa maji unakandamiza magurudumu yanayovuta yashike reli vizuri. Ila hapo hapo kuna mtego, maana maji yanapungua kadri unavyokwenda, injini inaondoka ikiwa nzito imeshika barabara, ikikaribia bomba la maji linalofuata imeshakuwa nyepesi inaanza kuteleza kwenye mlima. Na maji yaliyobaki hayatulii, yanacheza ndani ya tanki. Hilo la maji kucheza liweke kichwani, nitalirudia maana liliua watu.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Kwenye mashindano ya Rainhill Oktoba 1829, yale ambayo Rocket ya Stephenson iliibuka mshindi, Braithwaite na Ericsson walileta injini yao Novelty ikiwa na tanki la maji chini katikati ya magurudumu, wakati Rocket ilivuta pipa la maji kwa nyuma. Novelty ilikuwa nyepesi na ya kasi, watu waliipenda, lakini iliharibika mara kwa mara ikatoka mashindanoni.

Kuweka maji chini kati ya fremu kuna akili sana, uzito unakaa chini injini haiyumbi. Mfano mzuri kabisa ni injini za Joseph Beattie wa reli ya London and South Western, 2-4-0 zilizojengwa kuanzia 1863 mpaka 1875, jumla 85 (hizo namba zinasomeka hivi: magurudumu 2 madogo mbele, 4 ya kuvuta, nyuma hakuna, kwahiyo 0-6-0 ni 6 ya kuvuta tu basi). Zilitengenezwa kwa treni za vitongoji vya London lakini tatu zikaishia Cornwall kwenye tawi la Wenford Bridge kubeba udongo wa kaolini, huko kona zilikuwa kali na njia dhaifu, hakuna injini nyingine iliyofaa, basi zikaendelea mpaka 1962! Injini za miaka ya 1870 zinafanya kazi dunia ikiwa tayari ina ndege za jeti, na mbili kati ya hizo tatu zimehifadhiwa mpaka leo. Tatizo la tanki la chini ni nafasi. Pale kati ya fremu kuna ekseli, kuna tanuru la moto linashuka, na Waingereza wengi walipenda kuweka silinda na mitambo yake ndani hukohuko, sasa maji utayaweka wapi? Beattie alitoa silinda nje akapata nafasi, wenzake wengi hawakutaka.

Basi wengine wakapandisha maji juu. Tanki la tandiko, ndo lile lililolala mgongoni kwa boila, lilipendwa sana na viwanda vya injini za migodini na bandarini kama Manning Wardle na Hunslet wa Leeds na Peckett wa Bristol. Chini kunabaki wazi, fundi anaingiza mkono anapaka mafuta anakaza anavyotaka, na injini inabaki fupi inapita kona za kiwandani. Shida ni mbili. Ya kwanza uzito uko juu, kwenye mwendo wa pole haina neno, ukikimbia inayumba. Ya pili ni joto, na hii wengi hawaijui. Mwaka 1858 Mfaransa Henri Giffard alibuni injekta, kifaa kinachoingiza maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke wenyewe, hakina pistoni wala gia. Kabla ya hapo pampu nyingi ziliendeshwa na mwendo wa injini, ikisimama hakuna maji yanayoingia, dereva anabidi aizungushe huku na huku ili boila lijazwe. Injekta ikamaliza hayo. Lakini injekta inafanya kazi kwa mvuke kugandishwa, yaani kurudishwa kuwa maji, ghafla na maji baridi, maji yakiwa ya moto mvuke haugandi vizuri na injekta inagoma. Sasa tanki limelalia boila siku nzima, maji yake yanapata joto, umeona?

Hata hivyo usilidharau tanki la tandiko. Mwaka 1943 jeshi la Uingereza lilipohitaji injini ngumu, rahisi kutengeneza, za kushanti, yaani kusogeza na kupanga mabehewa, kwenye bandari na maghala, walichukua muundo wa Hunslet wa 0-6-0 ya tandiko, ndo zile zinaitwa Austerity. Zilijengwa 485, na za mwisho zilitoka 1964 kwa ajili ya migodi ya makaa ya mawe, wakati reli ya taifa ilishaacha kujenga injini za mvuke tangu 1960.

Sasa ile inayoning'inia. Hii ni ya kampuni ya reli ya Great Western, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Great Western walikuwa na mamia ya injini ndogo za tandiko. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuzifunga tanuru la aina ya Belpaire, lilibuniwa na Mbelgiji Alfred Belpaire, ambalo juu yake ni bapa na lina pembe kama boksi badala ya kuwa la mviringo. Ni tanuru zuri, lina nafasi kubwa ya mvuke pale juu kwenye joto kali. Lakini tandiko limepindwa kufuata boila la mviringo, ukilileta juu ya boksi halikai, na kulikunja chuma kifuate pembe zile ni gharama na linavuja. Wakaligawa tanki vipande viwili bapa wakavitundika kila ubavu wa boila, mfano wa shogi la punda. Na kumbe wamepata zaidi ya walichotafuta: uzito umeshuka kidogo kuliko tandiko, na kwa sababu tanki haijafika chini, fundi anapitisha mikono chini yake anafikia mitambo iliyo kati ya fremu. Ukitazama picha vizuri utaona mwanga unapita chini ya tanki mpaka upande wa pili, mwanga huo ndo nafasi ya fundi.

Charles Collett, mhandisi mkuu wa Great Western, alipochora 0-6-0 mpya ya aina ya 5700 mwaka 1929 hakubadilisha mengi, alichukua kilichokuwepo akakisafisha. Boila la shinikizo la pauni 200 kwa inchi ya mraba, maji lita 5,450 hivi, uzito tani 47 na kitu, na zikajengwa 863 mpaka 1950. Zilifanya kila kazi, kushanti, treni za abiria za matawi, makaa ya mawe. London Transport wenyewe walinunua 13 kuanzia 1956 kwa ajili ya treni za matengenezo, na ya mwisho ilizimwa Juni 1971, karibu miaka mitatu baada ya reli ya taifa kumaliza mvuke Agosti 1968.

Tanki za ubavuni, zile za kushuka mpaka chini, ndo zilizoenea zaidi kwa treni za abiria, na hapa lazima tuzungumzie London chini ya ardhi. Metropolitan ilifunguliwa 10 Januari 1863, reli ya abiria ya kwanza ya chini ya mji, na ilikuwa ya mvuke. Fikiria moshi na mvuke ndani ya handaki. Mwaka 1864 Beyer Peacock wa Manchester wakaleta 4-4-0 za tanki za ubavuni zenye kondensa: dereva akiingia handakini anageuza vali, mvuke uliotumika badala ya kupanda bomba la moshi unapelekwa kwenye maji ya tanki unagandia humo. Kwahiyo tanki halikuwa tu la kunywea, lilikuwa pia la kupoozea. Na ukifikiria kidogo utaona kinachofuata, maji yanachemka! Baada ya safari kadhaa inabidi yamwagwe yajazwe baridi, na injekta haina kazi hapo kwa sababu ileile niliyosema, wakabaki na pampu. Namba 23 ya kundi hilo iko makumbusho ya usafiri ya London, na ukiiangalia mabomba makubwa yanayotoka kwenye silinda kwenda kwenye tanki yanaonekana wazi nje. Hata miaka ya 1930 Great Western walikuwa na injini kumi na moja za aina ya 5700 zenye kondensa, namba 9700 mpaka 9710, kwa ajili ya treni za mizigo za soko la nyama la Smithfield zilizopita kwenye handaki hizohizo.

Kwa upande wa udogo hakuna ninayoipenda kama Terrier ya William Stroudley wa reli ya Brighton. Ni 0-6-0 ya tanki za ubavuni, 50 zilijengwa kati ya 1872 na 1880, uzito tani 28 hivi tu, magurudumu ya futi 4. Stroudley alizitengeneza kwa London kusini na mashariki ambako njia zilikuwa nyepesi na vituo vimebanana, na baadae treni zilipokuwa nzito zikahamia vijijini. Wepesi uleule uliozifukuza London ndo uliozipa maisha, maana tawi la kwenda kisiwa cha Hayling lilikuwa na daraja la mbao lisilobeba kitu kizito, Terrier zikalihudumia mpaka tawi lilipofungwa Novemba 1963. Kumi bado zipo.

Lakini abiria waliongezeka na mwendo ukapanda, na 0-6-0 fupi ukiikimbiza inaanza kucheza pua kulia kushoto. Hapo ndo wakaanza kuongeza magurudumu madogo ya kuongoza, na kila kampuni ikaenda njia yake. Aspinall wa Lancashire and Yorkshire alitoa 2-4-2 mwaka 1889, ndo injini ya kwanza kabisa kujengwa kiwanda cha Horwich, zikafika 330, na zilikuwa na kijiko cha kuchota maji kwenye mifereji iliyotandazwa katikati ya reli huku treni inakimbia, ikienda mbele au nyuma zote inachota. (Mifereji hiyo aliibuni John Ramsbottom, wa kwanza uliwekwa Mochdre, Wales, mwaka 1860. Ilikuwa jibu safi kabisa kwa tatizo la tanki dogo, ila unahitaji ardhi tambarare.) William Adams wa London and South Western alitoa 4-4-2, na chache za kwake zikabaki tawi la Lyme Regis mpaka 1961 kwa sababu ya kona zake. Drummond, aliyemfuata Adams hapohapo, alitoa 0-4-4 aina ya M7 mwaka 1897, nguvu ilikuwepo, lakini moja ilianguka karibu na Tavistock mwaka 1898 ikiwa kwenye mwendo, na wakaguzi wakalalamikia kutumia kwenye treni za kasi injini ambayo magurudumu yake makubwa ndo yako mbele. Zikarudishwa kazi za vitongoji, huko zikafanya vizuri miaka na miaka.

Wales ya kusini walikuwa na dunia yao. Makaa yanashuka mabondeni kwenda bandarini Cardiff na Barry, mabehewa matupu yanapanda, safari ni fupi, mlima ni mkali. Huko 0-6-2 ndo ilitawala, tani nyingi juu ya magurudumu 6 na ekseli moja nyuma ya kubeba sanduku la makaa. Great Western wakaenda mbali zaidi na 2-8-0 ya tanki mwaka 1910. Halafu mdororo wa uchumi ukaja, biashara ya makaa ikaporomoka, injini zimesimama hazina kazi, na haziwezi kupelekwa safari ndefu maana maji na makaa hayatoshi. Collett akazirefusha 54 kati ya 1934 na 1939, akaongeza ekseli nyuma zikawa 2-8-2, makaa tani 6, maji zaidi ya lita 11,000. Hizo ndo 2-8-2 za tanki pekee za reli kuu za Uingereza, na zilizaliwa na ukosefu wa kazi.

Kuna kisa kimoja sikiruki hata siku moja, cha Decapod. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Great Eastern walikuwa wanabeba umati mkubwa wa wafanyakazi kuingia Liverpool Street, na watu wa reli za umeme wakaja wanasema mvuke umeisha, treni ya umeme inafika maili 30 kwa saa ndani ya sekunde 30, nyie hamuwezi. James Holden akajenga mwaka 1902 injini moja ya tanki ya 0-10-0, silinda tatu, tani 80, ya kwanza Uingereza yenye magurudumu 10 ya kuvuta. Kwenye majaribio ikafikia lengo na treni nzito nyuma yake. Mpango wa wale wa umeme ukafa. Na Decapod nayo ikafa hapohapo, kwa sababu uzito wote ule kwenye urefu mfupi ungevunja madaraja, na kuimarisha madaraja yote ni pesa ambayo kampuni haikutaka kuitoa. Mwaka 1906 ikageuzwa injini ya tenda, 1913 ikakatwa vyuma. Haikufanya kazi ya abiria hata siku moja. Kampuni ikarudi kwenye vijinjini vyake vidogo vya 0-6-0, na mwaka 1920 kwa ratiba iliyopangwa kwa ustadi mkubwa vikaendesha treni 24 kwa saa: treni inaingia, injini nyingine inafungwa upande wa pili, ndani ya dakika chache imeshatoka. Mimi naona ratiba ile ni uhandisi sawa na injini yoyote.

Swali lako la kwanini zikawa kubwa jibu lake linaanzia 1909. Supahita ya Mjerumani Wilhelm Schmidt inaupasha mvuke tena baada ya kutoka kwenye maji, unakuwa mkavu na moto zaidi, haugandi kwenye kuta za silinda, na matumizi ya maji yanashuka sana. Reli ya Brighton walikuwa na 4-4-2 ya tanki ya D. E. Marsh, aina ya I3, yenye supahita. Wakabadilishana treni na London and North Western kwenye treni ya Sunny South Express, I3 upande mmoja na injini ya tenda ya Precursor isiyo na supahita upande mwingine. Injini ya tanki ikaenda kutoka East Croydon mpaka Rugby, kama km 145, bila kuongeza maji! Na makaa ilichoma kidogo kuliko mwenzake. North Western walishtuka na wao wakaingia kwenye supahita. Kuanzia hapo injini ya tanki haikuwa tena ya safari za jirani tu.

Na hapo ndo maji yakakumbusha watu kwamba yapo. Mwaka 1914 Brighton wakajenga 4-6-4 kubwa ya tanki, lakini tanki refu za ubavuni zikijaa maji juu injini inabingirika kulia kushoto vibaya. Ilibidi waweke tanki chini kati ya fremu na sehemu ya juu ya tanki za ubavuni ibaki ganda tupu la kupendezesha umbo. Maunsell wa reli ya kusini mashariki akatoa 2-6-4 mwaka 1917, baadae zikapewa majina ya mito na zikafika 21. Tarehe 24 Agosti 1927 namba 800, River Cray, ikivuta treni ya jioni kutoka Cannon Street, iliacha reli karibu na Sevenoaks. Mabehewa yakagonga daraja la barabara, watu 13 wakafa.

Uchunguzi ulifanywa kwa makini sana. Injini za aina hiyo zikapelekwa kwenye reli za kampuni nyingine, LNER, chini ya uangalizi wa mhandisi wake Gresley, reli iliyolala kwenye kokoto za mawe yaliyopasuliwa, zikakimbia zaidi ya maili 80 kwa saa zimetulia kabisa. Zikarudishwa kwenye njia za Southern, kampuni iliyorithi ile reli ya kusini mashariki, zilizolala kwenye changarawe laini za ufukweni, maji ya mvua hayatoki vizuri, reli imelegea hapa na pale, zikaanza kubingirika vibaya. Kwahiyo njia ndo ilikuwa na kosa kubwa, lakini injini nayo ilikuwa ya aina ya kuukuza mtikisiko badala ya kuutuliza, uzito juu na maji yanahama ndani yake. Zote zikageuzwa injini za tenda. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi, abiria hawezi kusubiri njia yote itengenezwe ndo awe salama.

Mwaka huohuo 1927 kampuni ya reli ya LMS wakatoa 2-6-4 ya tanki yao, na hiyo ikawa nzuri mno, wakaendelea kuiboresha chini ya Fowler, Stanier na Fairburn mpaka zikafika 645. Kwahiyo mpangilio wa magurudumu haukuwa na tatizo, cha muhimu ni springi, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kimo cha tanki, na njia unayopita. Reli ya taifa ilipoanza kutengeneza injini zake za kawaida, kiwanda cha Brighton wakachukua ile ya Fairburn wakapinda ubavu wa tanki uingie ndani kidogo ipite kwenye madaraja mengi zaidi, ndo zile zenye namba kuanzia 80000, zilijengwa 155 kati ya 1951 na 1957, tani 86 hivi na lita 9,000 za maji. Ukizitazama kwenye video utaona tanki na kibanda vimefuata mstari mmoja uliopinda. Kwangu mimi hiyo ndo injini ya tanki iliyokamilika kuliko zote za Uingereza, na bahati mbaya ilizaliwa imechelewa, maana treni za vitongoji ndo za kwanza kupewa umeme na dizeli. Nyingine zilikatwa vyuma hazijamaliza hata miaka 12.

Kulikuwa na jaribio moja la kuvunja kila kanuni, Leader ya mhandisi Bulleid ya 1949, injini imevishwa bodi kama behewa, bogi (fremu za magurudumu) mbili zote zinavuta, boila limesogezwa upande mmoja ili kuwe na ujia wa kupita. Matokeo yake upande mmoja ukawa mzito, ikabidi wajaze vyuma upande wa pili, na mtia makaa alikuwa anaungua kwenye kichumba chake cha katikati. Mwaka 1951 ikavunjwa.

Na kwa sisi huku. Reli ya Afrika Mashariki ilinunua 4-8-4 za tanki, Klasi ya 13, 18 zilizojengwa na North British wa Glasgow na kufika 1952 na 1953, za kushanti. Halafu zile Garratt kubwa za Klasi ya 59 zilizokuwa zinapanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, 34, tani 252 kila moja, zilitoka kwa Beyer Peacock walewale wa handaki za London. Garratt kiufundi ni ndugu wa injini ya tanki, haina tenda, maji na mafuta vimekaa juu ya seti mbili za magurudumu yanayovuta, boila limening'inia katikati. Mtego ni uleule, tanki likipungua na mshiko unapungua. Mkipata nafasi mpeleke kijana makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai ipo, mwambie asimame pale mbele aangalie tanki la mbele lilivyokaa juu ya magurudumu. Na kwenye video zako tafuta Bluebell Railway ya Sussex kwa Terrier, na Severn Valley kwa zile za shogi, kule wanazipiga picha kwa karibu mpaka unaona dereva anavyofungua injekta na maji yanavyodondoka kwenye bomba la chini kabla haijashika.